Katibu na Kadi za Sauti

Kwetu Newala mwanamke mtu mzima huitwa kwa mtoto wake. Mimi ni Mama Rehema, na siku hizi hata kaka zangu wananiita hivyo. Jirani yangu hakuwa na jina la namna hiyo. Alifanya kazi ya ukatibu muhtasi Mtwara mjini mpaka alipostaafu, akaja kupanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kibanda changu, na jina la kazi likaja naye. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Katibu. Mama mmoja aliwahi kumuuliza kwenye foleni ya maji alizaa wangapi. Katibu akasogeza ndoo yake mbele kidogo, akasema, "Mimi nilizaa barua." Yule mama akacheka peke yake, kisha akaacha.

Mimi ni wakala wa vifurushi vya mabasi. Watu wa hapa wanaletewa vipuri vya pikipiki, nguo za harusi, dawa za kienyeji, simu zilizotengenezwa. Vifurushi vya Katibu vilikuwa vyembamba kama kitabu, vimefungwa kwa sponji na gazeti juu yake, na vyote vilitoka Tanga. Cha kwanza hakuweza kusubiri kufika nacho nyumbani. Alikifungulia hapo hapo kwenye meza yangu, akatoa kipande cha ubao wa kijani chenye vidude vya chuma na upande mmoja una meno ya rangi ya dhahabu. Alikishika kwa kingo, kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa sahani ya moto.

"Shikamoo Katibu. Hiyo ni nini?"

"Marahaba. Kadi ya sauti."

"Ya simu?"

"Ya kompyuta ya zamani. Bila hii kompyuta inalia pii, pii tu. Ukiiweka hii inaimba."

Alikuwa na kompyuta mbili nyumbani, moja ya kuchezea na moja ya vipuri, nyeupe zilizogeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, kila moja imefunikwa kanga. Kanga zenyewe zilikuwa nzuri kuliko alizovaa. Msimu wa kupulizia mikorosho, salfa ilipokuwa ikielea mji mzima, aliongeza shuka juu ya kanga na kuziba sehemu ya chini ya mlango kwa gunia. Salfa, alisema, inakula meno ya kadi. Siku ya kufanya usafi alizitoa kadi moja moja na kuyasugua meno yale kwa raba ya penseli, taratibu, huku amevua viatu.

Nilijifunza mambo ya kadi za sauti bila kutaka. Ukikaa na mtu anayependa kitu kimoja, kitu hicho kinakuingia. Nilijua kwamba kwanza unaangalia nafasi iliyomo ndani ya kompyuta. Nafasi nyeusi ndefu ni ya kadi za zamani, na nafasi nyeupe fupi ni ya kadi zilizokuja baadaye. Hizo za baadaye zinaingia vizuri na muziki wa kawaida zinapiga, lakini gemu la zamani halizioni kabisa. Halafu unaangalia chipu. Kuna kadi yenye chipu inayotengeneza muziki yenyewe, noti kwa noti, na kuna kadi inayomwigiza mwenzake. "Hii inaigiza," alikuwa akisema, kwa sauti ileile ambayo watu wengine husema fulani ni mwongo. Mwisho kuna vifuniko vidogo vya plastiki, vidogo kuliko punje ya mtama, vya kuchagua kadi itumie namba gani, kwa sababu vitu viwili vikitumia namba moja kompyuta inaganda. Kadi ya sauti hukaa namba tano au saba. Yeye hakuikubali saba. "Saba ni ya printa," alisema.

Jambo hilo la saba alilitumia hata kwa watu. Wapangaji wawili wa nyumba ya mbele walipogombania kamba ya kuanikia nguo, Katibu alipita, akawatazama, akaniambia, "Hao wote wamejiweka saba." Diwani na mwenyekiti wa mtaa waliposhindwa kuelewana kuhusu barabara, nao walikuwa kwenye saba. Nilipomwambia siku moja kwamba mimi na mume wangu hatusemeshani, alifikiri kidogo, kisha akauliza ni nani kati yetu printa.

Kisa cha kulipenda gemu la zamani alinieleza kwa vipande, miaka tofauti. Ofisini kwake waliletewa kompyuta, taipureta zikaondolewa. Mtu mmoja aliyekuja kuwafundisha aliacha disketi ya gemu ndani ya mtoto wa meza. Ni gemu la mchimbaji mwenye taa kichwani anayeshuka mgodini, anaruka mashimo, anakusanya mawe yanayong'aa. Hatua ya kwanza ina ngoma na wimbo mzito. Ukiimaliza, ukashuka hatua ya pili, zinaanza kengele, nyembamba sana, juu ya ule wimbo.

"Kama njuga?" niliuliza.

"Njuga zina vumbi. Hizi hazina vumbi."

Saa za kazi zilipoisha wenzake walikimbilia watoto wao. Yeye alibaki. "Nyumbani kwangu kulikuwa na kitanda na redio," alisema. "Ofisini kulikuwa na kengele. Wewe ungekwenda wapi?" Kompyuta hizo zilipopitwa na wakati aliiomba ile yake, akapewa. Akaja nayo Newala. Mvua za kwanza tu radi ikapiga nguzo ya umeme, kompyuta ikapona, kadi ya sauti ikafa. Tangu hapo alikuwa anatafuta nyingine ya kuweka mahali pake.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mtu huyohuyo hakuvumilia makelele. Wanafunzi wakipita wanaimba alifunga dirisha. Kijana wa duka la simu alipoweka spika nje, Katibu alikwenda kumsalimia kila asubuhi kwa wiki nzima, akisimama mbele ya spika bila kusema kitu kingine, mpaka kijana akaona haya akaiingiza ndani. Alisema watu wamepungukiwa ukimya. Kisha alirudi nyumbani, akafunua kanga, na kupitia ukutani nilisikia ngoma za mgodini zikianza.

Wala hakumruhusu mtu acheze. Rehema wangu aliwahi kuomba, akajibiwa kwa upole kwamba hilo gemu ni la mtu mmoja. Lakini ukienda kumtembelea hukuondoka bure. Alikuwa na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, au korosho za kukaanga kwenye kikombe, na alikusogezea kikombe kila ulipotaka kuaga, ukajikuta unakaa tena. Nadhani hakujua jinsi ya kumwambia mtu asiondoke.

Kadi ya kwanza alikwenda kuinunua mwenyewe Masasi, kwa fundi anayevunja kompyuta mbovu. Ilikuwa ya nafasi fupi, gemu halikuiona. Ya pili, ya hukohuko, iliigiza. Ndipo akapata namba ya bwana mmoja wa Tanga, mstaafu kama yeye, aliyekuwa fundi wa mitambo, ambaye hukusanya vitu hivyo. Bwana wa Tanga alimtumia kadi yenye chipu ya kweli, ya nafasi ndefu, sawasawa na ile iliyouawa na radi. Katibu aliiweka, akacheza mpaka hatua ya pili, kisha akaja kibandani kwangu akiwa ameshika kifurushi kilichofungwa upya.

"Irudi Tanga," alisema. "Ngoma nzuri, wimbo mzuri. Kengele hakuna."

Bwana wa Tanga hakukasirika. Alituma nyingine. Nayo ikarudi. Akatuma nyingine tena. Kila moja Katibu aliifunga vizuri kuliko ilivyokuja, na kila moja alinieleza kosa lake ni lile lile, kengele hakuna. Wakati huo walikuwa wameanza kuzungumza kwa simu. Katibu alikaa kwenye ngazi za nyuma, simu sikioni, wakibishana kama chipu ya mwaka fulani ina makali kuliko ya mwaka mwingine. Mara nyingine aliiweka simu mbele ya spika ya kompyuta ili yule bwana asikie mwenyewe. Sijawahi kumwona akicheka vile na mtu yeyote wa hapa. Nilidhani labda yatakuwa mapenzi ya uzeeni, hayo mambo. Nilipomtania alisema, "Yule ninamjua kwa kadi tu," akaingia ndani.

Alasiri moja ya ukungu, ule wa kwetu unaopanda kutoka bondeni mpaka huoni bango la duka la jirani, alikuja kibandani bila kifurushi.

"Mama Rehema, niazime masikio yako."

Nilifunga kibanda nikamfuata. Alinipa kigoda karibu na spika. Kadi ya mwisho kutoka Tanga ilikuwa ndani ya kompyuta, na alikuwa ameamua hatairudisha bila shahidi. Akaanza kucheza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona alivyocheza. Vidole vyake havikuwa na haraka, na yule mchimbaji mdogo alipita mashimo yote kama anakwenda sokoni. Hatua ya kwanza ikaisha, kioo kikawa cheusi, kikawa cha buluu. Ngoma zikaanza tena, na juu yake zikaja kengele.

Zilikuwa nzuri. Sikutegemea. Nyembamba, safi, zinapishana kama watu wawili wanaojibizana kwa mbali. Nikaelewa maana ya kutokuwa na vumbi.

"Umeona?" Katibu alisema. "Ngoma na wimbo. Basi."

Nilimtazama nikidhani anatania.

"Katibu, kengele zinalia."

"Nini?"

"Kengele. Zinalia sasa hivi."

Aliacha kibodi. Mchimbaji akaanguka shimoni, akarudi mwanzo wa hatua, akasimama pale. Muziki uliendelea. Katibu akanyoosha mkono akaongeza sauti ya spika.

"Na sasa?"

"Zinalia."

Akaongeza mpaka mwisho. Mimi nikaziba sikio moja.

"Na sasa?"

"Sasa zinaumiza, Katibu."

Akapunguza. Alikaa ameweka mikono mapajani, anaangalia kioo, na uso wake haukuonyesha hasira wala huzuni, ulikuwa kama wa mtu anayesoma tangazo lililoandikwa kwa herufi ndogo. Akasema, "Basi kadi ni nzima." Halafu, polepole, "Na zile nyingine zilikuwa nzima." Alinisogezea kikombe cha korosho.

Nilimsindikiza hospitali ya Ndanda kupima masikio. Tulipita Masasi, tukabadilisha gari, na njia nzima hakusema zaidi ya kunionyesha mikorosho iliyopogolewa vibaya. Walimwingiza chumba kidogo, wakamvisha vidude vya masikioni, wakamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Mimi nilimwona kupitia kioo. Mwanzoni alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Kisha kidole kikabaki juu ya kitufe kimetulia, kinasubiri, na yule binti mpimaji bado anazungusha kirungu cha mashine.

Binti alimweleza kwa heshima. "Bibi, sauti nzito unazisikia vizuri. Zile nyembamba ndizo zinazokwenda. Na zitaendelea kwenda, kidogo kidogo."

"Na hizi nzito?"

"Baadaye sana nazo zinaweza kupungua. Kuna kifaa tutakupa, kitakusaidia kusikia watu."

"Watu nawasikia vya kutosha," Katibu alisema.

Kifaa alikichukua hata hivyo. Alipofika nyumbani alikivaa kabla hajavua viatu, akafungua gemu, nikasikia kupitia ukutani anakwenda mpaka hatua ya pili, kisha kimya. Kesho yake aliniambia kengele anazisikia, lakini zinalia kama kopo linalogongwa. Alikitia kifaa ndani ya kisanduku cha miwani, akawa anakivaa siku za gulio tu.

Ilibaki kumwambia bwana wa Tanga. Kwenye simu Katibu alikuwa tayari anampata vibaya, anajibu maswali ambayo hajaulizwa. Akaniomba nimpigie mimi. Tulikaa kwenye zile ngazi za nyuma, akanipa maneno yake kama mtu anayemwandikisha mwenzake barua: "Mwambie kosa halikuwa kwenye kadi. Kosa liko kwa katibu. Mwambie naomba zile nilizorudisha, nizisikilize upya kwa masikio ya mtu mwingine."

Nilimwambia hivyo hivyo.

"Mama," yule bwana akasema, sauti ya mtu mzima sana, "zile hazipo tena."

"Umeziuza?"

"Nilizivunja. Aliposema hazilii kengele nilizijaribu mwenyewe. Sikusikia kengele. Nikasema kweli, chipu zimekufa. Nikazing'oa vifaa vingine nitumie." Akakohoa. "Sasa ndiyo naelewa. Na mimi nina miaka mingi kuliko yeye."

Katibu alikuwa ananitazama mdomoni. "Anasemaje?"

Nilimweleza. Nilisema kwa sauti kubwa, na mpangaji wa mbele aliyekuwa anafua akageuka. Katibu aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Viziwi wawili tunauana kadi," alisema. "Mwambie hivyo." Nikamwambia, na yule bwana wa Tanga naye akacheka, kicheko cha kwikwi kilichonifanya niisogeze simu mbali na sikio. Walicheka pamoja, kila mtu na mwisho wake wa nchi, na mimi katikati nimeshika simu, kwa sababu hawakuweza kusikiana.

Baada ya siku ile yule bwana aliendelea kupiga mara chache kwenye simu yangu, kumsalimia Katibu. "Katibu hajambo?" "Hajambo." "Basi mwambie na mimi sijambo." Hawakuwa na la kubishania tena. Kadi iliyobaki ilikuwa nzima, wote wanajua ni nzima, na hakuna kati yao aliyeweza kusema inaliaje. Simu zikapungua. Siku moja Katibu alinijia na lile swali ambalo nilikuwa naliogopa, kama yule bwana amepiga. Nikasema hajapiga. Nikampigia mimi, haikupatikana. Nikapiga tena baadaye, hivyo hivyo. Hatukuambiwa na mtu yeyote, na hatukuwa na mtu wa kumuuliza.

Aliacha kucheza hatua ya pili. Nilikuwa nasikia kupitia ukutani. Mchimbaji anamaliza ya kwanza, halafu Katibu anazima na kuanza upya. Niliwahi kumwambia nitakuja niwe namwambia kengele zikianza. Akasema ahsante, akanisogezea ming'oko, na hakuniita.

Pikipiki ndiyo iliyomwondoa. Alikuwa anavuka kwenda sokoni, bodaboda inapiga honi nyuma yake, watu wanaita, yeye anakwenda zake. Dereva alikwepa akaenda kujigonga kwenye mfereji. Katibu hakuumia, alichunika kiwiko tu, lakini habari zilifika Chiungutwa kwa kaka yake, na kaka mtu akaja na gari la kukodi. Ni mtu mwema. Alisema dada yake hawezi kukaa peke yake barabarani namna hii. Katibu hakubishana. Alizifunga kompyuta kwa kanga zake mwenyewe. Kigoda alichonikalisha siku ile aliniachia, akasema kinafaa kwa kibanda.

Nilimwona tena msimu wa korosho uliofuata, nilipokwenda Chiungutwa kwenye msiba wa upande wa mume wangu. Niliuliza nyumba, nikaonyeshwa. Alikuwa uani, amekaa juu ya mkeka, anachambua korosho, nzuri huku, mbovu kule, kazi waliyompa kwa sababu macho yake bado makali. Watoto wa kaka yake walikuwa wanapita mbele na nyuma yake, wanaruka miguu yake bila kumsemesha. Nilitoa shikamoo nikiwa mlangoni, nikaitoa tena nikiwa katikati ya ua. Ilibidi nizunguke nije mbele yake. Aliponiona alitupa korosho iliyokuwa mkononi, bila kuangalia imeangukia fungu gani.

Tulizungumza kwa shida, midomo na mikono. Kifaa kilikuwa kimeharibika. Kompyuta zilikuwa stoo, nyuma ya magunia, kwa sababu chumba analala na watoto na hakuna meza. Nilimuuliza kama analikumbuka gemu.

Akaangalia kama kuna mtu karibu. "Sikwambii ili uwaambie," alisema, kwa sauti ya juu kama wasemavyo watu wasioisikia sauti yao, na ua wote ulimsikia. "Muziki unapiga wenyewe. Humu." Akagusa nyuma ya sikio. "Tangu masika. Ngoma, wimbo, kila kitu. Vizuri kuliko kadi yoyote."

"Na kengele?"

Alisoma mdomo wangu. Akatikisa kichwa. "Haushuki hatua ya pili. Unamaliza ya kwanza, unarudi mwanzo. Unamaliza, unarudi mwanzo. Mimi nasubiri ushuke."

Nilikaa naye nikachambua korosho mpaka bodaboda iliyonileta ikaanza kupiga honi nje. Nilipoinuka alisogeza mbele yangu kikapu cha korosho mbovu, kwa kuwa hakuwa na kikombe, na nikakaa tena kidogo. Halafu nikaondoka kweli.

Nilikuwa nimefika mlangoni nikageuka kuaga. Nikaaga kwa sauti, yeye amenipa mgongo, mikono imerudi kwenye korosho. Nikarudi. Nikamgusa bega, nikainama mbele ya uso wake, nikasema, "Katibu, nakwenda. Kwaheri."

Alinitazama mdomo kwa makini sana. Uso ukafunguka, ukafurahi, kama nimeingia sasa hivi.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Karibu. Kaa."